Robert Smalls: Mtumwa aliyeiteka meli ya jeshi la mabwana zake

ALFAJIRI ya Mei 13, 1862, askari wa zamu katika ngome ya Fort Sumter, kwenye lango la bandari ya Charleston nchini Marekani, waliiona meli ya mvuke iitwayo Planter ikipita taratibu mbele ya mizinga yao.

Mtu aliyeonekana katika chumba cha usukani alivaa kofia pana ya ukili na kukunja mikono kifuani, kama alivyozoea kufanya nahodha wa meli hiyo. Filimbi ya mvuke ilipolia kwa ishara iliyotakiwa, askari wakairuhusu meli ipite.

Hawakujua kwamba mtu yule hakuwa nahodha. Alikuwa Robert Smalls, mtumwa mwenye umri wa miaka 23, na meli ile haikuwa tena mikononi mwa wenyewe.

Kisa hicho ni miongoni mwa visa vya ajabu zaidi vya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1861 hadi 1865 baina ya serikali ya Muungano na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi kilisahauliwa na wengi, hata ndani ya Marekani yenyewe.

Kuzaliwa utumwani

Smalls alizaliwa Aprili 5, 1839, katika mji wa Beaufort, jimbo la South Carolina, kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya bwana wa mama yake.

Alipofikisha umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya kazi za kukodishwa. Alihudumu hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akaajiriwa bandarini. Sehemu kubwa ya ujira wake ilikwenda kwa bwana wake.

Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, mtumwa aliyekuwa akifanya kazi hotelini. Kwa mujibu wa sheria za utumwa, mke huyo na mtoto wao wa kwanza walikuwa mali ya mtu mwingine, aliyeweza kuwauza wakati wowote. Smalls alipoomba kuwanunua, alitajiwa bei ya dola 800, fedha nyingi mno kwa mtu wa hali yake.

Vita vilipoanza, aliwekwa katika meli ya Planter, iliyokodishwa na jeshi la Kusini kusafirisha askari na silaha. Kutokana na umahiri wake alikabidhiwa usukani, ingawa jina la rubani lilihesabiwa kuwa ni heshima ya weupe tu, naye hakuitwa hivyo.

Usiku wa safari

Jioni ya Mei 12, 1862, nahodha na maofisa wenzake wawili, wote weupe, walishuka kwenda kulala mjini, kinyume cha amri ya jeshi. Ndani walibaki mabaharia watumwa peke yao. Hiyo ndiyo nafasi ambayo Smalls na wenzake walikuwa wakiisubiri.

Kabla ya mapambazuko walichochea moto, wakapandisha bendera ya Kusini kama kawaida na kung'oa nanga. Walisimama kwenye gati jingine kuwachukua wake na watoto wao waliokuwa wamejificha. Jumla yao walikuwa watu 16.

Walikwisha kukubaliana kwamba endapo wangegunduliwa, wangeizamisha meli na kufa pamoja kuliko kukamatwa. Mbele yao zilikuwapo ngome kadhaa, na kila moja ilihitaji ishara yake. Smalls alizijua zote.

Walipopita Fort Sumter na kuwa nje ya masafa ya mizinga, waliteremsha bendera ya Kusini na kupandisha shuka nyeupe. Ilikuwa wakati mwafaka, kwani manowari ya Muungano iitwayo Onward ilikuwa tayari kuishambulia Planter.

Mbali na meli yenyewe na mizinga yake miwili, Smalls aliwakabidhi maofisa wa Muungano mizinga mingine minne iliyokuwa ikisafirishwa, kitabu cha ishara za siri na habari za kina kuhusu ulinzi wa bandari. Congress ilipitisha sheria ya kumzawadia yeye na wenzake, naye akapata dola 1,500.

Aombea weusi silaha

Mwezi Agosti mwaka huohuo Smalls alikwenda Washington kumwomba Waziri wa Vita, Edwin Stanton, awaruhusu weusi kupigana. Alirejea na amri iliyoruhusu kuandikishwa kwa askari weusi hadi 5,000 katika eneo la pwani ya South Carolina.

Yeye mwenyewe aliendelea kuwa rubani. Aprili 7, 1863, aliiongoza manowari ya Keokuk katika shambulio dhidi ya Charleston. Meli hiyo ilipigwa mara zaidi ya 90 na ikazama siku iliyofuata, lakini Smalls alinusurika.

Mwezi Desemba mwaka huo, Planter iliposhambuliwa vikali, nahodha wake mweupe alitaka kusalimu amri. Smalls alikataa, akijua kuwa mabaharia weusi wasingehesabiwa kuwa mateka wa vita. Alishika usukani akaitoa meli hatarini, na baadaye akafanywa nahodha wake.

Kutoka usukani hadi bungeni

Nyumba ya bwana wake wa zamani ilipouzwa na serikali kwa sababu ya kodi isiyolipwa, Smalls aliinunua. Kesi ya kumnyang'anya ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1878 ilimpa ushindi.

Mwaka 1868 alikuwa miongoni mwa wajumbe walioandika katiba mpya ya jimbo, na alitetea elimu ya bure kwa watoto wote. Kati ya mwaka 1875 na 1887 alihudumu vipindi vitano katika Bunge la Wawakilishi mjini Washington.

Lakini upepo ulikuwa umegeuka. Weupe waliokuwa na nguvu kabla ya vita walirejea madarakani kwa vitisho na umwagaji damu. Mwaka 1895, South Carolina ilipoandika katiba nyingine iliyowanyima weusi wengi haki ya kupiga kura, Smalls alikuwa mmoja wa wajumbe weusi sita tu mkutanoni. Alipinga hadi mwisho na akakataa kuitia saini.

Alifariki dunia Februari 23, 1915, akiwa na umri wa miaka 75, katika nyumba ileile ambayo nyuma yake alizaliwa akiwa mtumwa.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2023, Jeshi la Majini la Marekani liliibadilisha jina manowari yake iliyoitwa Chancellorsville, jina la mapigano ambayo jeshi la Kusini lilishinda. Jina jipya ni Robert Smalls.