Magobore ya Ulaya katika Soko la Unguja

Majeshi ya Ulaya yalipoacha magobore, yaani bunduki za kushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, na kuchukua bunduki za kupakiwa nyuma, hasa tangu miaka ya 1860, magobore hayo yaliuzwa kwa bei ya chini, na mengi yakafika Unguja, ambako misafara iliyachukua hadi Unyamwezi kubadilishana na pembe za ndovu. Gobore lilichukua muda mrefu kupakia na baruti yake iliharibika kwa unyevu, lakini halikuhitaji risasi maalumu za kiwandani. Kwa Mirambo, mtawala wa Urambo huko Unyamwezi aliyefariki mwaka 1884, faida hiyo ilisaidia kujenga dola. Hata hivyo, sehemu ya gharama ya bunduki hizo ililipwa na mateka waliouzwa utumwani, na hesabu yoyote ya unafuu inayowasahau hao ni batili. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliziwekea mipaka mikali bunduki za kisasa barani Afrika, ukayaacha magobore ya gumegume, yasiyo na mifereji ndani ya mtutu, yaendelee kuuzwa kwa masharti.