Foto zilizosimama, ziwa linalotembea

Bandugu, mu mwaka 1878, kule California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi. Kila moja ikapiga foto yake. Zilipofuatana, watu wakaona namna farasi anakimbia. Yeye alitaka kupunguza mbio ili jicho lione. Miaka karibu 20 baadaye, kule Leipzig, Wilhelm Pfeffer, mtaalamu wa mimea, akafanya kinyume: aliacha muda mrefu upite kati ya foto na foto, na mumea ukaonekana unajigeuza kama mutu anayeamka. Sisi wa agro tungepaswa kumujua zaidi!

Hesabu ni hii: filme inakula foto 24 kwa sekunde. Foto moja kila siku, mwaka muzima, inakupa sekunde 15 tu.

Sasa Tanganyika yetu. Landsat ya kwanza iliruka 1972. Landsat 5, tangu 1984, ilikuwa inarudia kila sehemu kisha siku 16. Mu 2008 Wamarekani wakafungua foto zote bure, na mu 2013 Google ikaziunganisha mwaka kwa mwaka. Leo, mwenye megabaiti anaweza kutazama Uvira tangu 1984 kwa muda mufupi sana.

Lakini nukta moja ya foto hizo ni meta 30 kwa 30. Parseli ya kawaida ya mjini inaingia humo yote, na nafasi inabaki. Nyumba iliyomezwa na ziwa mu 2024 haionekani kabisa. Na Mulongwe ilipofurika Aprili 2020, maji hayakungoja siku 16, tena wakati wa mvua mawingu yanafunika.

Ziwa lilipanda sana hata mu 1964. Kisha likashuka polepole, na watu wakajenga pale lilipotoka. Anayenunua parseli ya ufukweni leo anaonyeshwa ukavu wa leo tu, sababu hakuna wa kumutolea foto za jana.

Telefone zetu zinaweza kufanya ile kazi satelite inashindwa. Simama palepale, saa ileile, nguzo moja ya umeme ibaki ndani ya foto, na tarehe iandikwe. Ukisogea hatua mbili, hatutajua kama ni ziwa limesogea ao ni wewe.

Nani ana foto za bandari ya Kalundu za mbele ya 2020? Muzilete, hata zile zenye harusi mbele na maji nyuma.