Mafuta ya mimea kusini: yapi ya kula, yapi ya kupaka, na yapi usiyaguse kabisa

Wadau wa Masasi, Newala na popote mlipo, leo tuongelee mafuta. Sio petroli, ni haya ya mimea. Kinachoudhi ni kwamba kwetu ufuta unalimwa kweli kweli, ukivunwa unapimwa, unaingia ghalani, unapigwa mnada na kuondoka kwenye magunia. Halafu mkulima huyo huyo anakwenda dukani kununua mafuta ya kupima, mara nyingi ya mawese. Sio kwamba mawese hayafai kukaangia, lakini tujue basi tunachokiuza ni kitu gani.

UFUTA
Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya ufuta ni mafuta. Hayagandi, ni afadhali kwa moyo kuliko yanayoganda, na yana kinga yake ya asili inayoyafanya yasichache upesi. Kukamua nyumbani: pepeta, kaanga kidogo, twanga kwenye kinu mpaka ulainike, tia maji ya moto ukoroge. Mafuta yakielea unayaengua, unayachemsha mpaka maji yaishe. Kazi kweli, na mengi yanabaki kwenye mashudu (kuku watakushukuru). Mwenye mashine ya mkono ya Bielenberg, ile iliyobuniwa Arusha miaka ya 1980, anapata mengi zaidi bila umeme.

KARANGA
Hapo jirani Nachingwea Waingereza walikuja kulima karanga mwaka 1947, kwa sababu kwao baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa haba. Mradi ukafa mwaka 1951 na mamilioni ya pauni yakapotea, ila bandari ya Mtwara tuliipata humo humo. Mafuta ya karanga ni matamu na yanavumilia moto. Tatizo ni sumukuvu: karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupe, usizikamue. Sumu hiyo inaharibu ini, na kuchemsha hakuiondoi.

NAZI
Haya yanatoka zaidi pwani, Lindi na Mtwara mjini. Ukiyapeleka Newala asubuhi za mwezi wa sita unayakuta yameganda kwenye chupa, wala hujauziwa feki. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa ngozi kavu na nywele ni mazuri sana, ila kwenye kupikia tumia kwa kiasi. Na jamani, mafuta ya nazi HAYAKINGI JUA. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji losheni maalumu, kofia na mikono mirefu. Kumpaka mafuta na kumwacha juani ni kumuunguza.

GANDA LA KOROSHO
Hapa ndipo nataka tusikilizane. Korosho yenyewe, ile nyeupe ya ndani, haina shida. Ganda lake ndilo lenye mafuta meusi mazito, na hayo yanababua. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Kama utomvu wa embe umewahi kukuwasha mdomo, basi hii ni kaka yake mkubwa. Viwandani yana kazi nyingi: breki za magari, rangi, dawa ya mbao dhidi ya mchwa. Kwenye ngozi ya mtu hayana kazi. Utasikia mtu anasema yanatoa chunjua au madoa. Yanatoa, pamoja na ngozi yako, na alama inabaki.

Anayebangua kwa mkono apake kwanza mafuta ya kula au majivu viganjani, au avae glavu. Anayechoma korosho uani akae upande upepo unakotoka, watoto wawe mbali, maana ganda likipata moto linarusha mafuta, na moshi wake unawasha macho. Yakikurukia, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, usijifikiche macho. Ukiona malengelenge, au yameingia jichoni, nenda hospitali.

NYONYO
Mazito, mazuri kwa nywele na visigino vilivyopasuka. Kuyanywa yanaharisha vibaya, mama mjamzito asijaribu. Mbegu zake usimwachie mtoto achezee: zina sumu kali, na akizitafuna chache tu zinaweza kumuua. Mafuta ya dukani yameshasafishwa, sumu hiyo haimo.