Chipu kwenye pikapu kuukuu: programu isiyoona joto

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, ila kuna swali moja ambalo limenikalia kichwani. Binamu yangu anaishi Aurora, Colorado, na riziki yake ni kuvuta trela ya magari mabovu. Pikapu yake ni Ford F-350 ya dizeli ya mwaka 1996. Mtu fulani anataka kumuuzia chipu ya kuongeza nguvu. "Wewe ndiye uliyesomea kompyuta," akaniandikia. "Niiweke ama niiache?"

Nilidhani ni jibu la dakika tano. Kumbe hako kachipu kana historia.

Tuanze na General Motors. Mwaka 1981 kampuni hiyo ilitia kompyuta karibu katika magari yake yote ya petroli yaliyouzwa Marekani. Kompyuta moja ilitumika katika miundo mingi. Kilichotofautiana ni kipande kidogo cha kumbukumbu kilichochomekwa ndani, chenye majedwali ya gari husika: uzito, injini, giaboksi. Kompyuta ikiharibika, fundi alileta nyingine na kuhamishia humo kipande kilekile cha zamani. Sasa wewe mwambie mtu mtundu kwamba tabia yote ya injini imo katika kitu kinachong'oleka kwa vidole! Watu walisoma zile baiti, wakakisia jedwali lipi ni la nini (msimbo chanzo hakuna), wakabadilisha nambari na kuzichoma katika EPROM mpya, zile zenye kidirisha cha kioo unazozifuta kwa miale ya urujuanimno. Chuoni tulikuwa nazo kwenye maabara. Ukikosea baiti moja unarudi kusubiri taa imalize kazi.

Kwa petroli, faida ilikuwa ndogo. Ukiwahisha cheche unapata nguvu kidogo, lakini ukiwa na trela nzito mlimani injini inaanza kugonga, na inabidi ununue petroli ya bei ghali.

Dizeli ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka 1994 Ford ilileta Power Stroke ya lita 7.3, iliyotengenezwa na Navistar. Injekta zake zinasukumwa na oili ya injini yenyewe: oili inashindiliwa, na shinikizo lake linazidishwa mara 7 ndani ya injekta ili kurusha dizeli. Kompyuta ndiyo inayoamua shinikizo hilo, muda wa kufungua, na wakati wa kufungua. Yaani nguvu za injini ni nambari tu! Juu ya hayo, kompyuta ya Ford ilikuwa na mlango wa majaribio wenye miguso 30, umefichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Chipu ikichomekwa hapo, kompyuta inaacha kumbukumbu yake ya ndani na kusoma ya mgeni. Kazi ngumu ni kusugua utando uliopakwa juu ya ile miguso. Usiposugua vizuri, gari linazimika barabarani. Chipu nyingine zilikuja na swichi ya kuzungusha: kawaida, kuvuta, mbio, hata nafasi ya kuzuia wezi ambapo gari haliwaki kabisa.

Je, nguvu hizo zilitoka wapi? Mwaka 1994 injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 210. Kufikia 2001 Ford yenyewe iliiuza ikiwa na 275 kwa gia za mkono, lakini 250 tu kwa giaboksi ya otomatiki. Hebu tazama hiyo tofauti. Kiwanda kilijua injini inaweza. Ila kilijua pia giaboksi gani ingeumia. Tena kuanzia matoleo ya 1999 waliongeza kipoza hewa baada ya tabochaja. Pikapu ya binamu yangu haina hicho kipoza, na giaboksi yake ni ya otomatiki.

Hapa ndipo nilipoacha kuwa mshabiki na kuwa mwandishi wa programu. Kompyuta hiyo haina kihisio cha joto la moshi. Ukiongeza dizeli, na hewa ni nyepesi kama pale barabara ya I-70 inapopanda kuelekea handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya bahari, moshi unazidi kuwa moto na pistoni ni za alumini. Wavutaji wengi huchukua nyuzi 1,250 za Fahrenheit, takriban 675 za Selsiasi, kuwa mpaka. Programu haiwezi kulinda kitu isichokipima. Hata aliyeandika chipu awe hodari namna gani, nambari hiyo haimfikii. Kihisio ni dereva.

Nikamwandikia: kaka, usinunue chipu kwanza. Nunua geji ya joto la moshi, uiweke kabla ya tabochaja, upande nayo mlima ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Alininunia siku mbili, kwa sababu bei ya chipu ilikuwa ya punguzo.

Jumamosi iliyopita akanitumia picha ya geji, amepanda na gari moja tu kwenye trela. Sindano ilikuwa 1,180. Na hiyo ni bila chipu.