Nafasi ya Muhammad Ali katika historia

Muhammad Ali (jina la kuzaliwa: Cassius Marcellus Clay Jr.; Louisville, Kentucky, 17 Januari 1942 – Scottsdale, Arizona, 3 Juni 2016) alikuwa mwanandondi wa uzito wa juu kutoka Marekani. Alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu, yaani mwaka 1964, 1974 na 1978. Wengi humwita bingwa mkubwa kuliko wote, lakini hukumu hiyo hutegemea kinachopimwa: ushindi wake ulingoni au msimamo wake nje ya ulingo. Ziara yake ya Tanzania ya mwaka 1980 ni sehemu ya ushahidi huo, ingawa hutajwa mara chache.

Rekodi ya ulingoni

Akiwa bondia wa ridhaa, Clay alipata medali ya dhahabu ya uzito wa juu mwepesi katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Tarehe 25 Februari 1964, akiwa na umri wa miaka 22, alimnyang'anya ubingwa Sonny Liston, ambaye hakuinuka kitini kuanza raundi ya saba. Muda mfupi baadaye alijitangaza kuwa Mwislamu na kuchukua jina la Muhammad Ali.

Katika ndondi za kulipwa alipigana mara 61. Alishinda mapambano 56, kati ya hayo 37 kabla ya raundi zote kwisha, na kushindwa matano. Kwa tarakimu pekee wapo waliomzidi. Rocky Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49. Joe Louis alishika ubingwa kuanzia 1937 hadi 1949 na kuutetea mara 25.

Wanaomweka Ali mbele ya hao huangalia uzito wa wapinzani wake. Alipokutana na George Foreman mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Foreman alikuwa na miaka 25 na alikuwa ameshinda mapambano yote 40 aliyopigana. Ali alikuwa na miaka 32. Aliegemea kamba, akajikinga na kumwacha mwenzake arushe ngumi hadi achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Mwaka uliofuata alimshinda Joe Frazier nchini Ufilipino, baada ya kocha wa Frazier kumzuia bondia wake asiingie raundi ya 15.

Upande wa pili wa mizani pia una uzito. Ushindi wake wa pointi dhidi ya Ken Norton mwaka 1976 unabishaniwa hadi leo. Tena alichelewa kuacha: alipigwa na Larry Holmes mwaka 1980 na Trevor Berbick mwaka 1981. Mwaka 1984 alibainika kuwa na dalili za ugonjwa wa Parkinson.

Kukataa kwenda jeshini

Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Ali alikataa kuandikishwa katika jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, akitaja imani ya dini yake. Alipokonywa ubingwa na leseni. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Hakufungwa kwa sababu alikata rufaa, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo.

Hata hivyo hasara ilikuwa imekwisha kutokea. Kuanzia Machi 1967 hadi Oktoba 1970 hakupigana hata mara moja. Hiyo ilikuwa miaka yake kati ya 25 na 28, ambayo kwa bondia ndiyo miaka ya nguvu na wepesi. Kwa hiyo rekodi yake haionyeshi Ali wa wakati wake bora angefanya nini.

Ziara ya Dar es Salaam, 1980

Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuingiza majeshi Afghanistan mnamo Desemba 1979, Rais Jimmy Carter alitaka nchi nyingine zisusie Olimpiki ya Moscow. Februari 1980 alimtuma Ali barani Afrika kutetea ombi hilo. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam.

Rais Julius Nyerere alikataa kuonana naye. Tanzania iliona si heshima kwa suala la kidola kuletwa na mwanamichezo. Waandishi wa habari nao walimuuliza Ali swali zito: mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mbona Marekani haikuziunga mkono wakati ule? Ali alikiri kwamba hakuwa akiijua habari hiyo.

Kwa Watanzania suala hilo halikuwa dogo. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 mbele ya John Walker wa New Zealand, hakukimbia Montreal, na Walker akachukua dhahabu. Kenya ilisusia Moscow, lakini Tanzania ilikwenda. Huko Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Hadi baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo ndizo medali pekee za Tanzania katika Olimpiki.

Lawama nyingine

Ali alimdhihaki Frazier kwa kumwita sokwe na kibaraka wa wazungu, ingawa Frazier alikuwa amemtetea arudishiwe leseni. Aliomba radhi hadharani mwaka 2001. Pambano la Kinshasa nalo liligharimiwa na serikali ya Mobutu Sese Seko, iliyolitumia kujijengea sifa.

Tathmini

Hukumu juu ya mtu mashuhuri hubadilika kufuatana na anayepima na mahali anaposimama. Mfano wa karibu ni Mtemi Mirambo wa Urambo: mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipigana dhidi yake pamoja na Waarabu wa Tabora, lakini mwaka 1876 alichanjiana naye udugu wa damu na kumfananisha na Napoleon. Mirambo alikuwa yuleyule.

Kwa Ali, kinachodumu katika vipimo vyote ni gharama aliyolipa. Wapo mabingwa wenye rekodi safi zaidi, lakini ni wachache walioacha ubingwa wenyewe kwa ajili ya neno lao. Mwaka 1967 alisema lake mwenyewe na kupoteza karibu kila kitu. Mwaka 1980 alibeba neno la serikali ileile iliyomshtaki, na umaarufu wake haukutosha kulipa nguvu. Ziara hiyo haifuti nafasi yake katika historia, bali inaonyesha kwamba nafasi hiyo ilitokana na uhuru wake wa kuamua kama ilivyotokana na ngumi zake.