ASILI YA WALUGURU NA NCHI YAO YA MILIMANI

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda bara, akaribiapo Morogoro, huiona milima ya Uluguru mkono wake wa kushoto. Kilele cha Kimhandu chapita mita 2,600, na katika milima hiyo ndimo uanzamo mto Ruvu. Ni akina nani waliotangulia kukaa huko, nao walikujaje? Swali hili tutalipima kwa mashahidi watatu: jina, ukoo na vigae.

Tuanze na jina. Katika Kiluguru, lugulu ni mlima. Waluguru, basi, ni watu wa milimani. Jirani zao wa kaskazini wako Unguru na Ukaguru, nchi za milima pia, na mzizi wa majina hayo wafanana na huu. Jina hili, kwa hiyo, halitokani na babu mmoja wala na kabila lililohama likiwa zima. Latokana na mahali. Yaelekea kwamba watu walikuwa Waluguru baada ya kupanda mlima, si kabla yake.

Shahidi wa pili ni ukoo, uitwao lukolo. Mtu huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na ardhi ni ya ukoo. Masimulizi ya koo hayakubaliani juu ya njia moja: kila ukoo wasimulia safari yake na bonde lililofyekwa na wazee wake. Kule Kinole, mkuu mwenye sifa ya kuleta mvua huitwa Kingalu, na kila ashikaye nafasi hiyo hurithi jina hilo. Yeye ni wa ukoo wa Wabena. Jina hilo latukumbusha Ubena wa nyanda za juu za kusini, lakini mfanano wa majina peke yake si ushahidi. Tena, urithi ufuatapo upande wa mama, mjomba humwachia mpwa, au ndugu humwachia ndugu. Mwanahistoria akiwahesabu warithi kana kwamba ni baba na mwana, atakosea miaka mingi.

Shahidi wa tatu yu chini ya ardhi. Huko Dakawa, kaskazini ya Morogoro, wachimbuzi walikuta mabaki ya kazi ya chuma na vigae vilivyochorwa pembetatu, vinavyofanana na vya pwani vya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Randi Håland na C. S. Msuya waliandika habari zake mwaka 2000. Vigae havisemi lugha ya mfinyanzi. Hata hivyo vyathibitisha kwamba bara hii haikuwa pori tupu, wala haikutengana na pwani. Kiluguru nacho, ambacho Guthrie alikipa alama G35, ki karibu na Kizaramo, Kikami na Kikutu.

Katika karne ya 19 hofu ya kukamatwa utumwani iliwafanya watu wengi kuthamini milima. Chini yake Kisabengo alijenga mji wenye ngome, na Stanley alipopita mwaka 1871 mtawala alikuwa binti yake, Simbamwene. Lakini tusidhani kwamba Uluguru ilianza kwa wakimbizi hao. Wao waliwakuta wenyeji.

Mambo haya si ya wasomi tu. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliupinga mpango wa serikali wa kulazimisha matuta ya ngazi, zikazuka ghasia, na mpango ukaachwa. Waliokuwa wakiamrishwa jinsi ya kulima waliijua ardhi ile kuwa ni ya koo zao. Anayeandika, basi, kwamba Waluguru ni wageni wa juzi, au kwamba wamekuwako tangu mwanzo wa dunia, agusa haki ya mtu shambani mwake.

Kwa hiyo yafaa masimulizi ya kila ukoo yaandikwe kwa Kiluguru chenyewe, kabla Kiswahili hakijachukua nafasi yake vinywani mwa vijana. Sisi tukitumikiao Kiswahili tunalo deni hilo.