Uganda na Ubishi wa Waliberali juu ya Fedha

Wapo wadhanio kwamba Uganda ilitiwa katika himaya ya Uingereza kwa nia moja ya watawala wa London. Sivyo. Jambo hilo liliwagawa Waliberali waliokuwa wakitawala huko, na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya fedha.

Mwaka 1892 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoongozwa na William Mackinnon, ilikuwa hoi kwa gharama, ikatangaza kwamba itaondoka Uganda. Mwezi Agosti Waliberali wakashika madaraka. Waziri Mkuu, William Gladstone, na Waziri wa Fedha, William Harcourt, walikuwa wa kundi la kubana matumizi; kwao, kodi ya raia haikupasa kumezwa na makoloni na majeshi. Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Lord Rosebery, alishikilia kwamba Uganda isiachwe. Suluhu ikawa kumtuma Sir Gerald Portal kuchunguza. Tarehe 1 Aprili 1893, Portal alipandisha bendera ya Uingereza mjini Kampala mahali pa ile ya kampuni.

Machi 1894 Gladstone alijiuzulu, akipinga nyongeza ya gharama za jeshi la majini ambayo mawaziri wenzake waliikubali. Rosebery akashika nafasi yake, na mwezi Juni Uganda ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza.

Hata hivyo, ubahili haukuondoka pamoja na Gladstone. Wahafidhina walioingia madarakani mwaka 1895 nao walitaka nchi hiyo itawaliwe kwa gharama ndogo. Mzigo ukawaangukia askari wa Kisudani walioilinda. Mishahara yao ilikuwa duni, tena ilicheleweshwa. Nao walipelekwa vitani safari moja baada ya nyingine. Mwaka 1897 waliasi. Maofisa wa Kiingereza waliuawa katika ngome ya Luba, Busoga, na ikabidi majeshi yaletwe kutoka India. Uasi ulizimwa mwaka 1898 kwa damu nyingi na kwa fedha zilizozidi zile zilizookolewa.

Wahenga walinena: rahisi ghali. Katika ubishi ule, upande mmoja ulihesabu fedha na mwingine ulihesabu ardhi. Hakuna uliomhesabu mwananchi wa Uganda, wala askari aliyebebeshwa bunduki. Dola isiyomthamini askari wake, wala raia anaowalinda, hujiwekea akiba ya maasi.